MAUMIVU YA KISIGINO WAKATI WA ASUBUHI

Yuko mtu aamkaye asubuhi hali ni mzima, lakini akishuka kitandani na kukanyaga chini, husikia kisigino kama kimechomwa mwiba. Huchechemea mpaka mlangoni. Akiisha kutembea kidogo maumivu hupungua, naye huenda shambani akidhani yamekwisha. Akikaa kitako kitambo kisha akasimama, yamerudi. Mambo yakiwa hivyo miezi mitatu, wala hapana jeraha wala uvimbe, huanza kusema kwamba amekanyaga uchawi uliotegwa njiani. Wengine hutoa fedha nyingi wapate kuchanjwa chale kisiginoni. Chale hizo huingia uchafu wa ardhi zikatunga usaha, na aliyekuwa na maradhi madogo hupata makubwa.

Maradhi haya yana sababu, nayo imo katika unyayo wenyewe. Tazameni upinde wa mwindaji: mti umepindika, na upote umefungwa huku na huku ili mti usinyooke. Mguu nao ni vivyo hivyo. Mifupa yake imepindika, na chini yake upo ukano mpana, mgumu, utokao katika mfupa wa kisigino hata kwenye vidole. Kila hatua ukano huo huvutwa. Ukivutwa kupita kiasi siku nyingi, huchakaa pale uliposhikana na kisigino. Mwaka 2003 waganga wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 50 waliopasuliwa visigino. Walipochungulia vipande vya ukano waliona nyuzi zilizochakaa, si uvimbe wa kuwaka kama ilivyodhaniwa zamani. Usiku mguu hulegea na ukano hujikunja. Asubuhi hunyooshwa ghafula, ndiyo maana hatua ya kwanza huwa chungu kupita zote.

Waupatao zaidi ni watu wa miaka 40 hata 60, wanene, wale ambao mashavu ya miguu yao yamekaza, na wasimamao kutwa juu ya sakafu ngumu, kama walimu. Mimi huyalaumu sana malapa yaliyochakaa. Mtu huyavaa hata kisigino chake chagusa mchanga, naye bado huyaita viatu.

Basi dawa yake haina gharama. Kabla ya kukanyaga chini, mgonjwa na akae kitandani, aweke mguu unaouma juu ya goti la pili, ashike vidole vyake na kuvivuta nyuma hata unyayo ukaze kama upote. Ahesabu kumi pole pole, aachilie, afanye hivyo mara 10. Na kwa siku arudie mara tatu. Kisha asimame mbele ya ukuta, mguu mgonjwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kisiondoke chini, aegemee mbele hata shavu la mguu livutike. Avae viatu vya soli nene hata nyumbani, na kwa muda apunguze kubeba mizigo mizito. Katambuga hufaa kikitiwa kipande cha sponji pale penye kisigino.

Asitazamie kupona kwa juma moja. Nafuu huja kwa miezi, na walio wengi hupona katika mwaka bila kupasuliwa. Wengi hukata tamaa hapa, wakaomba sindano. Sindano yaweza kutuliza kwa majuma kadha, lakini yaweza pia kuudhoofisha ukano hata ukakatika. Wengine hupigwa picha ya eksirei, wakaonyeshwa kijiba cha mfupa, wakataka kikatwe. Wako watu wengi wenye kijiba kama hicho wala hawaumwi kitu.

Lakini si kila kisigino kiumacho kina maradhi haya. Kikiwa chekundu na kuvimba pamoja na homa, au kikifa ganzi, au kikiuma usiku mtu amelala, au maumivu yalianza baada ya kuruka au kuanguka, aende hospitali upesi. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja akiona kidonda, maana mguu wake waweza kuoza naye hasikii maumivu. Na mtoto wa miaka 8 hata 14 alalamikaye kisigino baada ya kucheza mpira, mara nyingi ni ile sehemu ya mfupa inayokua ndiyo inayovutwa. Apumzishwe kukimbia majuma machache, wala asipigwe kwa kudhaniwa kuwa mvivu wa kwenda shule.