BURREN, NCHI YA MAWE NA MAUA

1. Mahali penyewe

Irlandi ni kisiwa cha Ulaya, upande wa magharibi wa Uingereza. Mvua hunyesha huko karibu majira yote, na majani ni mabichi mwaka mzima. Kwa hiyo watu hukiita kisiwa cha kijani. Lakini katika jimbo la Clare, kando ya bahari ya Atlantiki, iko sehemu moja isiyofanana na nyingine. Vilima vyake ni vya rangi ya kijivu. Mgeni akitazama toka mbali hudhani ameona majivu. Akikaribia huona mawe tu: mawe bondeni, mawe kilimani, mawe mpaka ufukoni. Sehemu hiyo inaitwa Burren. Katika lugha ya Kiirlandi jina hilo maana yake ni mahali pa mawe.

Mwaka 1651, wakati wa vita, afisa mmoja wa jeshi la Uingereza alipita huko. Alilalamika kwamba nchi hiyo haina maji ya kutosha, wala miti, wala udongo. Lakini jambo moja lilimshangaza: ng'ombe wa wenyeji walikuwa wanene. Je, ng'ombe wanawezaje kunenepa juu ya mawe? Jibu la swali hilo limo katika somo hili.

2. Kazi ya bahari, barafu na mvua

Mawe ya Burren ni mawe ya chokaa. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, mahali hapo palikuwa chini ya bahari yenye joto. Wanyama wadogo wa baharini walikufa, na magamba yao yakaanguka chini, tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zikagandamana zikawa mwamba. Hata leo mtu akiinama huona alama za konokono na matumbawe ndani ya jiwe.

Baadaye sana ikaja baridi kali. Barafu nene ilifunika nchi, ikatembea polepole na kukwangua vilima kama mtu anayekwangua sufuria. Barafu ilipoyeyuka iliacha mawe makubwa yamekaa peke yake juu ya mwamba, mbali na mahali yalikotoka.

Kisha mvua ikaendelea na kazi. Maji ya mvua yana ukali kidogo, nayo huyeyusha chokaa. Haba na haba hujaza kibaba: tone moja halifanyi kitu, lakini matone ya maelfu ya miaka yamepasua mwamba na kufanya nyufa ndefu. Maji huingia katika nyufa hizo na kupotea chini. Ndiyo maana mito michache tu hupita juu ya ardhi; mingi hupita chini yake, ikichimba mapango. Mwaka 1940 mchungaji mmoja alimfuata mbwa wake, akaona tundu katika kilima cha Aillwee. Lilikuwa mlango wa pango kubwa. Ndani yake, miaka mingi baadaye, ikaonekana mifupa ya dubu, mnyama asiyekuwako tena porini katika Irlandi.

Maji hayo ya chini hufanya ajabu nyingine. Mvua zikizidi, maji hupanda kwa nyufa na kujaza bonde, likawa ziwa. Mvua zikipungua, ziwa lashuka chini na kutoweka, na ng'ombe huja kula majani mahali ambapo bata walikuwa wakiogelea. Wenyeji huliita ziwa la namna hiyo turlach.

3. Maua ya nchi mbili

Kama mgeni akifika mwezi wa tano, ataona jambo asilolitazamia. Katika nyufa na juu ya udongo mwembamba yamechanua maua: jentiana ya buluu sana, maua meupe yenye moyo wa manjano, okidi za rangi nyingi. Burren ni sehemu ndogo ya Irlandi, lakini karibu robo tatu ya aina zote za mimea ya asili ya kisiwa hicho zinapatikana huko.

Wataalamu hustaajabia zaidi jambo hili: mimea ya nchi za barafu, za kaskazini na za milima mirefu, huota bega kwa bega na mimea ya nchi za joto za kusini mwa Ulaya. Mwamba hupokea joto la jua wakati wa kiangazi na kulitoa polepole wakati wa baridi. Tena upepo wa baharini huzuia baridi kali. Ndani ya ufa hamna upepo, mna kivuli na unyevu. Hivyo kila mmea hupata mahali panapoufaa.

4. Kaburi la Poulnabrone

Juu ya uwanda wa mawe limesimama kaburi la kale liitwalo Poulnabrone. Mawe marefu yamesimamishwa wima, na juu yao limelazwa bamba moja la mwamba lenye urefu wa karibu mita 4. Hapakuwa na chuma wala mashine. Watu walitumia mikono, kamba na magogo.

Mwaka 1985 ilionekana kwamba jiwe moja la kaburi limepasuka. Kabla ya kulitengeneza, mwaka 1986 wataalamu walianza kuchimba kwa uangalifu. Wakakuta mifupa ya watu zaidi ya 30: wanaume, wanawake na watoto. Mifupa ya kwanza iliwekwa humo zaidi ya miaka 5,500 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri kujengwa. Mifupa inasema habari za maisha yao. Wengi walikufa bado vijana. Migongo na mabega yao yalikuwa yamechoka kwa kubeba mizigo mizito. Walikuwa wakulima.

Siku zile Burren haikuwa tupu kama leo. Palikuwa na misonobari na miti mingine, na udongo ulikuwa mwingi zaidi. Wakulima wa kale walikata miti na kuchoma vichaka wapate mashamba na malisho. Miti ilipokwisha, hapakuwa na mizizi ya kushika udongo, na mvua ikaupeleka katika nyufa. Kwa hiyo mawe ya Burren hayakufunuliwa na barafu peke yake. Mikono ya watu pia ilisaidia.

5. Ngome, monasteri na njaa

Waliobaki walijifunza kuishi na mawe. Walijenga kuta bila saruji, jiwe juu ya jiwe, na mpaka leo kuta hizo zinagawanya mashamba. Matajiri walizungusha ukuta mnene kuzunguka nyumba zao. Ngome moja ya mviringo inaitwa Caherconnell. Ilijengwa miaka 1,000 iliyopita. Ngome nyingine, Cahercommaun, iko ukingoni mwa jabali. Wachimbaji walioipima mwaka 1934 walikuta humo mifupa mingi sana, na karibu yote ilikuwa ya ng'ombe. Basi tangu zamani utajiri wa Burren ulikuwa mifugo.

Karibu mwaka 1200 watawa Wasistersiani walijenga monasteri ya Corcomroe katika bonde la kijani kati ya vilima vya mawe. Waliiita kwa Kilatini jina la Maria Mtakatifu wa Mwamba Wenye Rutuba. Walijua vizuri walichosema, maana walilima na kufuga huko. Mafundi wao walichonga majani na maua juu ya nguzo za kanisa. Katika karne ya 16 wafalme wa Uingereza walifunga monasteri za Irlandi na kuchukua mali zao. Leo sehemu kubwa ya kanisa la Corcomroe haina paa, lakini maua ya mawe yangali yanaonekana.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliharibu viazi, chakula cha maskini wa Irlandi. Watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama nchi, wengi wao wakaenda Marekani. Jimbo la Clare liliumia sana. Katika njia za mashambani mgeni hupita karibu na nyumba zisizo na paa wala watu. Afadhali asimame kidogo hapo pia, asikimbilie mahali pazuri tu.

6. Ng'ombe wapandao kilimani wakati wa baridi

Sasa turudi kwa ng'ombe wale wanene. Karibu kila mahali Ulaya wachungaji hupeleka ng'ombe mlimani wakati wa joto, na kuwashusha wakati wa baridi. Watu wa Burren hufanya kinyume. Mwezi wa kumi ukiisha, huwapandisha ng'ombe vilimani, na mwezi wa tano huwashusha.

Desturi hiyo ina akili. Wakati wa joto maji yamepotea chini, na ng'ombe wangeona kiu kilimani. Wakati wa baridi chemchemi zina maji, mwamba ungali na joto, na mahali pa kulala ni pakavu. Majani yaliyokua mwaka mzima yanawangojea, na chokaa iliyomo huimarisha mifupa yao.

Faida haiishii kwa ng'ombe. Wakati wa baridi wanakula majani makavu yaliyosongamana. Mwezi wa tano, maua yanapochipuka, yanapata jua na nafasi, na ng'ombe hawapo kuyakanyaga. Maua yanamhitaji ng'ombe, na ng'ombe anamhitaji mchungaji.

Miaka ya nyuma wakulima wengi walianza kuacha desturi hiyo. Waliwafungia ng'ombe zizini na kuwaletea chakula. Watu wa nje walidhani maua yatafurahi yakiachwa peke yake. Haikuwa hivyo. Majani marefu yaliyasonga, na vichaka vya heizeli vikaanza kufunika mwamba, maua na makaburi ya kale.

Mwaka 2005 wakulima 20 na wataalamu walianza kujaribu pamoja njia za kuponya malisho. Waliondoa vichaka, wakatengeneza mahali pa kunywea maji, wakarudisha ng'ombe vilimani. Baadaye wakulima wengi wakajiunga. Shamba lilipewa alama mpaka 10, na mkulima mwenye malisho mazuri zaidi alilipwa zaidi. Wakulima wakaanza kuyahesabu maua kama mazao yao.

7. Adabu ya mgeni

Wageni wengi huja Burren kila mwaka. Wengine huendelea mpaka majabali ya Moher yaliyo karibu, ambayo yanapanda zaidi ya mita 200 juu ya bahari, na ndege maelfu hujenga viota humo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiye na adabu humwumiza mwenyeji. Wako wanaochuma maua. Wako wanaong'oa mawe na kujenga vikaburi vidogo kwa mchezo, wasijue kwamba wameharibu makao ya mimea na wadudu, au ukuta wa kale. Mgeni mwema hufunga lango alilofungua, haogopeshi ng'ombe, na huacha jiwe pale alipolikuta.

Burren yafundisha hivi: nchi inayodhaniwa maskini inaweza kuwa na mali nyingi, kama watu wake wanaijua na kuitunza. Watu wa kale walipoteza udongo kwa kukata miti bila kiasi. Watoto wao walilinda kilichobaki kwa kazi ya kila mwaka. Watawa wa Corcomroe hawakukosea jina: ni mwamba wenye rutuba.

Maulizo

1. Burren iko katika nchi gani, na jina lake maana yake nini?
2. Kwa nini mito michache tu hupita juu ya ardhi?
3. Turlach ni nini?
4. Mifupa ya Poulnabrone inatufundisha nini juu ya watu wa kale?
5. Udongo wa Burren ulipotea namna gani?
6. Eleza kwa nini ng'ombe hupandishwa kilimani wakati wa baridi.
7. Maua yalipatwa na nini wachungaji walipoacha desturi yao?

Zoezi. Waulize wazee wa kijiji chako: ni desturi gani ya kilimo au ya ufugaji inayolinda udongo? Andika jibu lao kwa sentensi tano.