Mafunzo Matano Niliyopata Katika Rozari ya Mama

Mama alipofariki, kanga zake walichukua dada zangu. Mimi nilikabidhiwa rozari yake ya mbao. Iliwahi kukatika kwenye kumi la tatu, naye akaiunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Wakati huo nilikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Huu ni mwaka wa sita naisali, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Rozari ni Injili inayosaliwa

Mwanzoni niliisali mbio mbio ili niimalize. Jioni moja mwenyekiti wa jumuiya yetu akaniuliza, "Mwanangu, unakimbilia wapi? Taja tendo, kisha mtazame Yesu." Tangu hapo nasoma kifungu cha Injili kabla ya kila kumi. Matendo ya mwanga, aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, yalinifungua macho: yanaanza na ubatizo mtoni Yordani na kuishia kwenye karamu ya Ekaristi. Nikagundua kwamba maisha ya Yesu, niliyoyasikia tangu katekisimu, sikuwa nimewahi kukaa nayo kimya.

2. Maria humpeleka mtu kwa Mwanawe

Kwenye arusi kule Kana aliona divai imekwisha, akamweleza Yesu, kisha akawaagiza watumishi wamtii. Baada ya hapo Injili hazinukuu tena neno lake lolote. Nami alinifanyia vivyo hivyo. Nilipokuwa nimesali miezi kama minne, dhamiri ilinisuta hata nikashindwa kulala. Jumamosi nikapanga foleni ya kitubio, baada ya miaka tisa. Kesho yake nilipokea Komunyo machozi yakinitoka.

3. Kumheshimu si kumwabudu

Rafiki zangu wa makanisa mengine huniuliza kama Maria amechukua nafasi ya Mungu. Nawajibu kwa upole: tunamwabudu Mungu peke yake, Maria tunamheshimu na kumwomba atuombee. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulipomtambua kuwa Mama wa Mungu, ulikuwa unalinda imani kuhusu Yesu mwenyewe. Na mwaka 1963, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, maaskofu walipiga kura 1,114 dhidi ya 1,074 mafundisho juu ya Maria yasiandikiwe hati ya peke yake, bali yawe ndani ya hati inayohusu Kanisa. Kwa hiyo yumo pamoja nasi, mwamini wa kwanza.

4. Machozi nayo ni sala

Mwaka wa pili tulipanda basi kutoka Bukoba, tukavuka mpaka wa Rusumo, tukaenda kuhiji Kibeho, Rwanda. Huko, tarehe 28 Novemba 1981, msichana wa shule Alphonsine Mumureke alitokewa na Bikira Maria aliyejitambulisha kuwa Mama wa Neno. Kanisa lilithibitisha tokeo hilo mwaka 2001. Mwenzake aliyetokewa pia, Marie Claire Mukangango, alieneza Rozari ya Mateso Saba, naye akauawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Niliisali rozari hiyo nimepiga magoti kati ya watu waliozika familia nzima. Nilipofika kwenye tendo la Maria akiupokea mwili wa Mwanawe, nilimlilia mama yangu kwa mara ya kwanza tangu maziko, na sikuona aibu.

5. Sala isiyotoka nje ya mlango haijakamilika

Maria alipopashwa habari na malaika, alifunga safari kwa haraka kwenda kwa Elizabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Kila Oktoba jumuiya yetu huzungusha sanamu ya Mama Maria nyumba kwa nyumba. Mwaka jana tuliipeleka kwa mzee mmoja mgonjwa anayeishi peke yake. Tulipomaliza litania, mama mmoja alifunua pipa la maji, akalikuta tupu. Vijana wakashika ndoo. Toka siku hiyo tumegawana zamu, na yangu ni Jumatano.

Kidole changu kikifika kwenye ule uzi mweusi huwa natulia kidogo. Mama angeweza kuiweka rozari iliyokatika kabatini. Aliiunga, akaendelea kusali. Nami niliyekuwa nimekatika na Kanisa, naamini aliniombea katika kila punje, na Mama Maria akanishika mkono hadi altareni.