Kuagiza Nguo Bila Kuijaribu: Saizi Zinavyotuchanganya



Somo la mara hii limetokana na kosa langu mimi mwenyewe, kwa hivyo msomapo msifikiri namsema mtu mwingine.

Kikundi kimoja cha akina mama huku milimani Mbooni kilitaka sare, magauni ya rangi moja ya kuvaa siku ya harambee. Mwenye duka wa Nairobi alikuwa anatuma picha za nguo kwa simu, na bei yake ilikuwa nzuri. Nikaombwa niandike orodha, kwa kuwa ati mimi ndiye mtu wa ofisi. Nikazunguka na kalamu: "Mama, wewe unavaa saizi gani?" Mmoja akasema 14, mwingine 16. Mwingine alivuta kola ya gauni lake la mtumba, jirani akamsomea lebo: 44. Niliandika kama nilivyoambiwa. Pesa ikatumwa kwa M-Pesa, mzigo ukaja na matatu kupitia Machakos.

Mzigo ulipofunguliwa kulikuwa na kicheko kwanza, halafu kimya. Karibu nusu ya magauni hayakuwatosha wenyewe. Hiyo ilikuwa pesa ya mchango wao, pesa ya mayai na maharagwe. Nilipompigia mwenye duka alinijibu, "Nimetuma kile mlichoandika." Na alikuwa anasema kweli. Mama mmoja mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ulituuliza nambari. Hukutupima."

Nambari moja, nguo tatu

Chukua nambari 42. Ukiikuta kwenye gauni la mama lililotoka Ufaransa, kwa kawaida ni sawa na 14 ya Uingereza. Ukiikuta kwenye gauni la Italia, ni ndogo zaidi, kama 10 ya Uingereza. Ukiikuta kwenye koti la mwanamume la Uingereza au Marekani, hiyo ni inchi 42 za kifua. Na ukiikuta kwenye kiatu, ni kama saizi 8 ya mwanamume ya Uingereza. Sasa mtu akikuambia kwa simu "mimi ni 42", amekuambia nini?

Marekani nao wana hesabu yao. Gauni la 12 la Uingereza kwao ni kama 8, Ufaransa ni 40, na Ujerumani ni 38. Nguo za watoto za Ulaya mara nyingi huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 116 ni ya mtoto wa miaka kama sita, 128 ni ya miaka kama minane. Nimeona mama akiirudisha suruali ya 116 akidhani ni ya jitu! Herufi S, M, L na XL ndizo mbaya kabisa, kwa sababu kila kiwanda kina L yake. Nguo nyingi zilizoshonwa China kwa ajili ya watu wa huko huwa ndogo, na XL yake inaweza kumbana mtu aliyezoea L ya Marekani.

Sisi wa huku tunaumia zaidi, kwa sababu marobota ya mitumba yanayofunguliwa Gikomba hutoka nchi nyingi. Katika kabati la mama mmoja kuna lebo za Uingereza, Ujerumani na Canada, na zote zinamtosha. Akiulizwa saizi yake, atasoma ile iliyo karibu.

Mchanganyiko huu ulitoka wapi?

Msifikiri wenye nchi zilizoendelea wanaelewana. Kule Marekani watu walianza zamani kuagiza nguo kwa barua. Montgomery Ward wa Chicago alianza kuuza kwa orodha ya bei mwaka 1872, na wakulima wa mbali waliandika barua na kungoja mzigo kama tunavyongoja matatu. Nguo nyingi zilirudishwa kwa kutotosha, na hasara ikawa kubwa.

Mwaka 1939 na 1940 serikali yao ilipima wanawake karibu 15,000 ili ipatikane saizi moja ya nchi nzima. Lakini waliohesabiwa walikuwa wazungu tu. Vipimo vya wanawake wengine viliachwa nje. Chama cha wauzaji wa kwa posta kikazidi kuomba kipimo cha pamoja, nacho kikatolewa mwaka 1958. Viwanda havikulazimishwa kukifuata, na mwaka 1983 kikaondolewa. Tangu hapo kila mtu na lake. Tena viwanda vimegundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa yeye ni mdogo, kwa hivyo wanapanua nguo na kuiacha nambari ile ile. Saizi 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya kifua cha inchi 31. Siku hizi 8 ya Marekani ni ya kifua kinachozidi inchi 35. Nambari imebaki, gauni limenenepa.

Basi tupime

Akina mama wanaosuka vyondo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mnunuzi wa ng'ambo haulizi kama kyondo ni "kikubwa kiasi." Anauliza upana wa mdomo na kimo, kwa inchi, nanyi mnapima. Mbona mwili wetu tusiupime hivyo?

Tumieni tepu ya fundi. Kama haiko, chukueni uzi usiovutika, mzungushe, halafu muuweke juu ya rula ya mtoto wa shule. Kifua hupimwa mahali kilipojaa zaidi, tepu ikipita sawasawa mgongoni. Kiuno ni pale chembamba, na usivute tumbo ndani kwa aibu, maana gauni halitakuonea haya. Nyonga hupimwa mahali penye unene zaidi. Mwisho ni urefu kutoka begani hadi unapotaka gauni liishie. Mpimwe na mwenzenu, chumbani, si mbele ya wazee. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hivyo andikeni kabisa kama ni inchi au sentimita.

Njia iliyo rahisi kupita zote ni hii. Chukua nguo yako inayokutosha vizuri, ilaze mezani, upime kutoka kwapa hadi kwapa. Mwombe mwenye duka alaze ile anayouza apime vivyo hivyo. Zikikaribiana, mambo ni mazuri. Zingatia kitambaa pia: kisichovutika lazima kiuzidi mwili kwa inchi mbili hadi nne, la sivyo huwezi kuinua jembe. Kwa viatu, simama juu ya karatasi jioni, wakati mguu umejaa, uchore, upime kisigino hadi kidole kirefu.

Kabla ya kutuma pesa, ulizeni: nguo isipotosha itabadilishwa? Nauli ya kuirudisha atalipa nani? Jibu liwe la kuandikwa, na ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kufaa na haki ya kuelezwa yanayomhusu. Lakini mkituma saizi isiyo sahihi, kesi yenu itakuwa ngumu kama yangu. Vizuri zaidi agizeni moja kwanza, mtu aivae, ndipo muagize zingine.

Yale magauni? Fundi wa sokoni aliongeza kitambaa cha rangi nyingine ubavuni, na mengi yakapendeza. Matatu yalishindikana. Hayo nimeyalipa mimi kidogo kidogo, na la mwisho bado sijalimaliza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kila mmoja alete nguo moja yenye lebo. Zenye nambari sawa zinalingana zikilazwa mezani?

2. Nani katika kikundi atatunza daftari la vipimo, na tutafanyaje ili vipimo vya mtu visiwe hadithi ya sokoni?

3. Pesa tunayotaka kutuma Nairobi, je, fundi wetu wa hapa angetushonea kwa kiasi gani? Mtumeni mtu akaulize kabla ya mkutano ujao.