SOMO LA MWEZI: KIWANJA NI CHA NANI?

Somo la Biblia: Zekaria 8:1-8



Nabii Zekaria alipowatia moyo watu waliorudi kutoka uhamishoni, aliwaonyesha mji wenye wazee walioshika mikongojo, wameketi nje kwa amani, na watoto wa kiume na wa kike wakicheza. Tusiyapite upesi maneno hayo, wa kiume na wa kike.

Jioni moja nilisimama kando ya kiwanja kimoja hapa kwetu Chapwa. Vijana wa kiume walikuwa wakicheza mpira. Pembeni walikaa wasichana saba, na mpira wao wa netiboli. Nikawauliza, "Mnangoja nini, wanangu?" Wakajibu, "Tunangoja wamalize, baba." Walipomaliza giza lilikuwa limeingia, na wasichana wakarudi nyumbani, ambako ndoo za maji zilikuwa zikiwasubiri. Hakuna aliyewafukuza. Lakini je, tunaweza kusema kiwanja kile kilikuwa wazi kwao?

Hata hao wavulana hawana uhakika nacho. Mji wa Tunduma unakua kwa haraka. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 watu wake waliongezeka zaidi ya mara mbili, wakapita laki mbili. Mpaka wa Zambia unaleta malori, malori yanaleta biashara, na biashara inataka nyumba. Mara nyingi mahali ambapo watoto wetu wanapaita kiwanja chao ni ardhi ya mtu ambaye hajapata fedha za kujenga. Siku akizipata atamwaga mawe ya msingi, na mchezo utakuwa umekwisha. Wala hatuwezi kumlaumu, maana ardhi ni yake.

Eneo la wazi la kweli ni lile lililochorwa kwenye ramani ya mipangomiji na kutengwa kwa ajili ya watu wote. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inawapa wananchi nafasi ya kushirikishwa mipango inapoandaliwa. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuhusu wazazi moja kwa moja: haki ya kucheza na kupumzika imewekwa pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nakiri kwamba mimi nilidhani mchezo ni hisani tunayompa mtoto akimaliza kazi.

Hata hivyo ramani haijilindi yenyewe. Tutazame jirani zetu wa Nairobi. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969, katikati ya mji, karibu na Kanisa Kuu letu la Kianglikana la Watakatifu Wote. Mtu asiye na senti aliweza kukaa pale kwenye majani Jumapili na watoto wake. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Mama Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa, moja baada ya nyingine, akiuliza kwa nini maskini wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Bungeni alidhihakiwa, na chama chake cha kupanda miti kikaondolewa katika ofisi yake. Lakini habari zilienea, wafadhili wa ng'ambo wakasita, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushwa ukaondolewa. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu, na alianza mapema, kabla nguzo hazijasimama.

Sisi hatukabiliani na ghorofa 60. Kazi yetu ni ndogo zaidi: kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa ofisa mipangomiji wa halmashauri, kuomba kuonyeshwa ramani, na kujua ni wapi katika kata yetu pameandikwa eneo la wazi. Kama pameandikwa, twende tukapaone kwa macho. Kama hapajaandikwa, tuombe sasa, wakati bado kuna mashamba ambayo hayajapimwa.

Tena kuna ua wa kanisa. Nyua nyingi za makanisa zina majani na kivuli, na lango hufungwa tangu Jumapili mchana hadi Jumapili nyingine, kwa hofu ya vioo kuvunjika na maua kukanyagwa. Hofu hiyo si ya bure. Kioo kina bei, na atakayetoa fedha ni sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Katika mtaa wako, watoto wanacheza wapi, na ardhi hiyo ni ya nani?

Mtoto asiyeweza kutembea vizuri anafikaje hapo?

Je, inafaa kupanga siku mbili kwa juma ziwe za wasichana, na nani atakaa pale kuangalia mpango huo ufuatwe?

Lango la kanisa likifunguliwa siku za kazi kuanzia saa kumi jioni, nani atashika ufunguo?