UKINUNUA HOTELI, UMENUNUA NINI?

Mhariri aliniomba makala ya mafunzo, nami nimechagua jambo ambalo darasani tunaligusa tu na kupita, ilhali huku mitaani tunakotoka kila asubuhi haupiti muda bila kusikia kelele zake. Jambo lenyewe ni ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi baada ya biashara ndogo kuuzwa. Sisemi kuuza sukari au viatu. Nasema kuuza duka lenyewe, kibanda cha kinyozi, kinu cha kusagia unga, au hoteli ya chai na chapati.

Ukinunua kilo moja ya sukari, unajua ulichonunua. Kimo ndani ya karatasi, umekibeba, mmeagana. Je, ukinunua hoteli? Sufuria, meza na viti unaviona. Lakini mle ndani kuna vitu visivyoonekana: deni la mwenye maziwa, kodi ya chumba, leseni ya kaunti iliyoandikwa jina la mwingine, na wale watu ambao kila siku saa nne wamezoea kuingia na kusema, "Leta chai na mbili." Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya namna hii, mali kubwa ndiyo hiyo isiyoandikika kirahisi kwenye daftari.

Nitoe mfano ninaoujua vizuri, kwa sababu karo yangu imo ndani yake. Mama alinunua hoteli karibu na steji ya matatu kwa shilingi 90,000. Alilipa 60,000 siku aliyokabidhiwa funguo, wakakubaliana zile 30,000 atazilipa kabla ya miezi mitatu kwisha. Maandishi yaliyokuwepo ni karatasi moja iliyochanwa katikati ya daftari: "Nimepokea 60,000 za hoteli, baki 30,000." Sahihi mbili, basi.

Juma la pili mwenye maziwa akaja na kijitabu chake. Alikuwa akidai 11,400 za maziwa yaliyonywewa kabla mama hajaingia. Kisha likaja lori la kampuni ya soda, na watu wake wakataka kujua friji yao iko wapi na nani anaitunza. Kumbe friji ile, ambayo ilihesabiwa katika bei, ilikuwa ya kuazimwa tu! Na mwezi wa pili haujaisha, yule muuzaji akafungua hoteli nyingine ng'ambo ya barabara. Hakungoja wateja wamwone. Alipita steji, dereva kwa dereva, makanga kwa makanga, akiwaambia kuwa chapati zao zimehamia kule.

Mama akasema hatoi hizo 30,000. Muuzaji akaja asubuhi na mapema akamwita mwizi mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai. Nilikuwa nimevaa yunifomu tayari kuja shuleni, nikasikia yote. Lakini makala hii si ya kumsema mtu, kwa hiyo na yeye nimpe haki yake. Alisema hivi: "Mimi niliuza vyombo na nafasi, mama. Sikuuza mikono yangu. Unataka nisipike tena mpaka nife?" Jamani, hilo si neno la kipuuzi. Nilikaa nalo siku nyingi, na ndilo lililonipeleka kwa mjomba wangu, ambaye ni karani katika ofisi ya wakili, nikamuuliza sheria inasemaje.

Alianza na maziwa, kwa kuwa ndiyo rahisi kueleza ingawa ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Mimi nilidhani deni humfuata aliyekopa. Kenya kuna Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, nayo inasema kuwa anayechukua biashara hubeba pia madeni yake, hata kama wawili hao walikubaliana vingine, isipokuwa tangazo la uhamisho litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa mahali pale. Nikamuuliza mjomba ni nani mwenye kibanda cha chai aliyewahi kutangaza katika Gazeti la Serikali. Akacheka tu. Kusudi la sheria ni kuzuia mtu kukopa huku na huku, kisha akauza duka na kutoroka, wadai wabaki wakitazama mlango. Ni kusudi zuri. Lakini mnunuzi mdogo asiyeijua hujikuta analipa maziwa ambayo hakuyaonja.

Friji haikuchukua dakika mbili. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, muuzaji huchukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kukiuza anachokiuza, hata kama hakutamka lolote. Huwezi kuuza cha mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mapato. Mama aliambiwa hoteli huingiza 4,000 kwa siku, naye akakuta 2,200. Muuzaji anasema alikuwa akitaja siku ya soko. Hapa mjomba alinipeleka mbali, hadi Birmingham, Uingereza, katika kesi ya Redgrave na Hurd iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka wa 1881. Redgrave alikuwa wakili mzee aliyetaka mtu wa kuingia katika kazi yake na kununua nyumba yake. Alimwambia Hurd kuwa kazi ile huleta pauni 300 au zaidi kwa mwaka. Hurd alipotaka kuona hesabu, alionyeshwa karatasi za mapato yasiyofika pauni 200. Alipouliza kuhusu zilizobaki, akaonyeshwa bunda jingine la karatasi, ambalo hakulichunguza. Akalipa amana ya pauni 100. Alipokuja kugundua kuwa katika lile bunda hamna kitu cha maana, akakataa kuendelea, na Redgrave akampeleka kortini.

Hoja ya upande wa Redgrave ilikuwa ile ile tunayoisikia sokoni: si karatasi zilikuwa mbele yako, mbona hukuangalia? Mahakama ikaikataa. Ukimwambia mtu jambo lisilo kweli ili anunue, huwezi kujitetea kwamba angechunguza angekujua. Mkataba ukavunjwa na Hurd akarudishiwa amana yake. Mimi nilipenda uamuzi huo, ila Hurd alikuwa na karatasi za kuonyesha. Sisi tuna neno la mama dhidi ya neno la muuzaji, na siku ya soko katikati.

Huenda msomaji anauliza kesi ya Birmingham inatuhusu nini sisi. Inatuhusu kwa sababu ya tarehe moja ambayo ningependa tuikariri pamoja na tarehe za somo la Historia: 12 Agosti 1897. Sheria yetu ya mahakama ya mwaka wa 1967 inasema kuwa sheria ya kimila ya Uingereza, kama ilivyokuwa siku hiyo, hutumika Kenya pale ambapo hatujatunga yetu, na kwa kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu. Basi maneno ya majaji wa 1881 yaliingia nasi mlangoni.

Narudi kwa wateja, kwa maana hapo ndipo penye kiini. Kitu hicho wanasheria hukiita gudwili. Wenzangu wa Chama, tahadharini! Ukilitafsiri neno hilo kipande kwa kipande utapata "nia njema", na utakuwa umepotea kabisa, kwani hakuna nia njema yoyote ndani yake. Jaji mmoja Mwingereza, Lord Eldon, alilieleza mwaka wa 1810 kuwa ni uwezekano wa wateja wa zamani kurudi mahali pa zamani. Mimi napendekeza tuseme "mazoea ya wateja". Mwenye neno bora alete kikao kijacho.

Je, aliyeuza mazoea hayo anaweza kufungua biashara kama ile? Jibu liko katika kesi ya Trego na Hunt ya mwaka wa 1896. Ilikuwa biashara ya vanishi, na mazoea ya wateja yalikuwa haki ya upande wa Trego. Hunt akamwajiri karani anakili majina ya wateja wote, ili baadaye akawatafute. Uamuzi ulikuwa huu: kama hukuahidi kuacha, unaweza kufungua biashara yako, hata ya aina ile ile. Unachokatazwa ni kuwaendea wateja wa zamani na kuwaita. Kwa maneno mengine, yule mama ana haki ya kupika ng'ambo ya barabara, lakini hakuwa na haki ya kupita steji dereva kwa dereva. Mikono yake hakuiuza, ni kweli. Miguu yake ndiyo iliyokosea.

Na kama angeahidi kuacha? Ahadi hiyo hukubaliwa ikiwa ina kiasi. Mtu hawezi kufungwa asipike popote Kenya maisha yake yote kwa sababu ameuza kibanda kimoja. Kiasi hicho hutegemea biashara: mwaka wa 1894 Nordenfelt, aliyeuza biashara ya bunduki na mizinga, alifungwa na ahadi ya miaka 25 dunia nzima, kwa kuwa wateja wake walikuwa serikali za nchi mbalimbali. Wateja wa chapati hutembea kwa miguu.

Kuhusu zile 30,000, mjomba hakumpendelea dada yake. Alisema kuwa kukataa kulipa chochote ni kujitia katika makosa. Njia iliyo sawa ni kukubali deni, kisha kudai makato. Wakishindwa kuelewana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kumaliza kesi kwa siku 60, na si lazima uende na wakili. Na kwa kuwa ni mahakama ya ngazi ya chini, Kiswahili ni lugha yake halali. Hilo nimeliandika kwa furaha.

Hawakufika huko. Walikaa mbele ya naibu wa chifu, mjomba akiwa na orodha. Maziwa yakakatwa, 11,400. Friji ikakatwa, 8,000. Mapato hayakukatwa hata senti, kwa kukosa ushahidi. Na wateja je? Makanga wawili waliitwa waseme waliambiwa nini. Walikataa kuja, kwa sababu wanakula pande zote mbili za barabara. Mama akalipa 10,600 kwa awamu mbili, na muhula huo karo yangu ilichelewa.

Baadaye mimi na mjomba tuliandika vifungu ambavyo vingetosha katika karatasi ile ya daftari. Mwenye jamaa anayetaka kununua au kuuza na anakili:

"Vitu vinavyouzwa ni hivi, kimoja kimoja, na vyote ni mali ya muuzaji. Vya kuazimwa ni hivi. Madeni ya biashara hadi leo ni haya, na muuzaji atayalipa; likitokea jingine, litakatwa katika baki. Mauzo ya siku za kawaida ni shilingi kadhaa, na ya siku ya soko ni shilingi kadhaa. Mwenye nyumba amekubali mpangaji mpya, naye ametia sahihi hapa. Muuzaji hatafungua hoteli katika steji hii kwa muda wa mwaka mmoja, wala hatawaita wateja wake wa zamani. Mashahidi ni wawili, wasiokula hapa."