Funga diski kwanza, kazi ya mteja baadaye

SOMO KWA WANAOFANYA KAZI MTANDAONI

Barabara ya Kitale–Endebess–Suam ina urefu wa kilomita 45. Kijana wa Suam anayewafanyia kazi wateja wa Nairobi au ng'ambo kupitia mtandao huipita akiwa na laptopu mgongoni, mara kwenye matatu, mara kwenye bodaboda. Laptopu hiyo ikipotea njiani, hasara si bei yake tu. Ndani mna majina, nambari za simu na rekodi za watu ambao hawajui hata Suam iko wapi.

Wengi hudhani nenosiri la kuingilia linatosha. Halitoshi. Mwizi anaweza kung'oa diski, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kusoma kila faili. Kinga ni kufunga diski nzima kwa msimbo, na wakati rahisi wa kufanya hivyo ni siku ya kuweka mfumo.

Kwa nini Linux?

Laptopu nyingi za mitumba huja na Windows 10, ambayo Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, haulipiwi. Ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Chagua toleo la LTS, ambalo hutoka kila baada ya miaka 2 na kupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 6 na nafasi ya gigabaiti 25 kwenye diski inatosha kuanzia.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi faili zako kwingine. Kuweka mfumo mpya kutafuta kila kitu kilichomo.

2. Pakua Ubuntu kwenye tovuti yake rasmi, ubuntu.com. Faili ina takriban gigabaiti 6, hivyo ni nafuu kuipakua penye intaneti nzuri. Usikubali nakala kutoka kwa flashi ya mtu usiyemjua.

3. Wakati wa kuweka mfumo, chagua kufunga diski kwa msimbo. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Tumia maneno 5 au 6 yasiyohusiana, si jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Ukiyasahau, hakuna fundi atakayekufungulia. Yaandike kwenye karatasi uiache nyumbani mahali salama. Isikae kwenye mfuko wa laptopu.

4. Sasisha mfumo kwa amri hii: sudo apt update && sudo apt upgrade. Fanya hivyo laptopu ikiwa na chaji ya kutosha, maana umeme ukipotea katikati unaweza kuharibu kazi.

5. Washa ukuta wa kinga. Ubuntu huja nao, lakini umezimwa. Andika: sudo ufw enable.

6. Linda akaunti za kazi kwa uthibitisho wa hatua mbili. Karibu na mpaka simu inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani na ujumbe mfupi ukachelewa. Programu ya simu inayotoa nambari za siri yenyewe hufanya kazi hata bila mtandao.

7. Weka nakala ya kazi kwenye diski ya pili, nayo ifungwe kwa msimbo. Msimbo huzuia mwizi kusoma; haurudishi faili zilizopotea.

Kabla ya safari, zima laptopu kabisa. Ukifunga kifuniko tu, inalala huku ufunguo wa diski ukiwa bado umo ndani.

Sheria inasemaje?

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeshughulikia data za watu kwa niaba ya mwingine anapaswa kumjulisha mwenye kazi bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48, data hizo zikifikiwa na asiyeruhusiwa. Mwenye kazi naye ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Sheria hiyo inatambua kufunga data kwa msimbo kuwa kinga: palipo na kinga ya kutosha, si lazima wahusika wenyewe wajulishwe.

Kwa hiyo laptopu ikiibwa, piga ripoti polisi upate nambari ya OB, badilisha manenosiri ya akaunti zako kwa kifaa kingine, kisha mwambie mteja siku hiyohiyo.

Jipime leo

Zima laptopu, uiwashe tena. Ikikuomba maneno ya kufungua diski kabla ya kuonyesha jina lako, imefungwa. Ikifika moja kwa moja kwenye jina lako bila kuomba chochote, huenda diski iko wazi: hifadhi faili zako na urudi hatua ya kwanza kabla ya kupokea kazi nyingine.