Mtumba wa Kibaha na Kisarawe: Haki Yako Iko Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Kibaha akitaka kufuata nguo soko la Karume, Ilala, mara nyingi hupanda gari hadi Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kisha atafute jingine la kumfikisha mjini. Wa Kisarawe huteremka milima ya Pugu na wengi hubadilisha gari Gongo la Mboto. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, maji na chakula cha mchana, suruali iliyoonekana ya bei chee imeshapanda. Kwa anayehitaji nguo mbili tatu tu, mtumba wa Maili Moja, wa Mlandizi au wa Kisarawe mjini una nafuu hata muuzaji akiongeza elfu moja juu ya bei ya Karume. Tena una faida ambayo wanunuzi wengi hawaitumii: muuzaji wako utamkuta kesho palepale.

Ili umwelewe muuzaji huyo, anza na belo. Hufungwa huko ng'ambo, aghalabu likiwa na kilo 45, na mfanyabiashara hulinunua likiwa bado na mikanda yake. Anajua ni la mashati ya kiume au magauni, lakini hali ya kilichomo ataijua siku ya kulifungua. Pengine nusu ya mzigo ni nguo kali, pengine ameliwa. Kwa hiyo vile vipande vizuri vya mwanzo, vinavyotundikwa kwenye henga, ndivyo vinavyobebeshwa mtaji wa belo zima. Asubuhi hiyo bei haishuki kirahisi, na wateja wanaolalamika kwamba wauzaji wana kiburi wangeona tofauti kubwa wakirudi siku ya tatu, mtaji ukiwa umesharudi. Hapo nguo zilizobaki humwagwa juu ya turubai, zinaanza kwa buku na kuishia jero.

Basi amua unatafuta nini kabla ya kutoka nyumbani. Shati la usaili wa kazi au gauni la harusi, wahi siku belo linapofunguliwa, ukubali kulipa zaidi. Nguo za kushindia, za shambani au za mtoto anayekua kila mwezi zinaweza kungoja. Mwachie muuzaji namba yako umwambie, "Ukifungua belo la watoto, nishtue." Wengi hufurahi, maana ni mauzo ya uhakika. Sare pia zina wakati wake: shati jeupe na sweta la shule hutafutwa na kila mzazi shule zinapokaribia kufunguliwa Januari. Aliyenunua Septemba alichagua kwa utulivu.

Ukishaishika nguo, toka nayo kwenye mwanga. Vibanda vingi vimeezekwa turubai la rangi, na chini ya turubai la bluu huwezi kutofautisha nyeusi na bluu ya kiza, wala kuona nyeusi iliyopauka. Inyanyue nguo ielekee jua, vitobo vya nondo na mahali palipolika vitajionyesha vyenyewe. Kisha tazama sehemu zinazochoka mapema: ndani ya kola, makwapani, katikati ya mapaja, magotini. Zipu ifunge na kuifungua mara kadhaa, hasa meno ya chini. Mpira wa kiuno uvute karibu na sikio; ukisikia unakatikakatika, umeshakauka. Nusa pia. Harufu ya dawa ya belo huondoka kwa kufua, lakini ya ukungu ni sugu, na ikiwa imeambatana na vidoto vyeusi kwenye kitambaa, vidoto hivyo utaendelea kuvivaa.

Chumba cha kujaribia ni nadra. Kwa suruali, funga kifungo, shika ncha mbili za kiuno uzungushe shingoni. Zikikutana nyuma bila kukukaba, inaelekea kukutosha. Ni makadirio tu, na mwenye nyonga pana asiyategemee. Afadhali uwe na futi ya fundi cherehani mfukoni, ukiwa umeshaipima suruali yako inayokukaa vizuri. Nguo nyingi za watoto kutoka Ulaya zina namba kama 104 au 116, na mzazi akiiona huishia kukisia. Namba hiyo ni kimo cha mtoto kwa sentimita: mpime mwanao ukutani, uondoke na kimo chake. Soma na lebo ya kitambaa. Kwa joto letu la Pwani na unyevu wake, pamba, yaani ile inayoandikwa "cotton", ndiyo inayopumua. Poliesta hushika jasho na huungua pasi ikizidi moto.

Viatu ndivyo vinavyoliza watu zaidi. Unanunua raba inayong'aa, siku ya tatu soli inamomonyoka kama mkate mkavu, na unaamini umeuziwa kiatu feki. Mara nyingi kilikuwa halisi, ila kimekaa mno. Soli za povu la poliyurethani hushambuliwa na unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, hata kiatu kisipovaliwa. Kikunje mara kadhaa, bonyeza soli kwa kucha upande wa kisigino, tazama kama kuna nyufa ndogo au unga. Muuzaji akikukataza kukikunja, kirudishe mezani.

Kuna vitu usinunue hata vikiwa vimekaguliwa mara kumi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa kiwango chake cha mwaka 2003: chupi, sidiria, soksi na nguo za kulalia zimo. Bado utazikuta zimetandazwa, na sidiria za mtumba zinasifiwa kwamba zinadumu kuliko mpya za bei rahisi. Sifa hiyo haifuti hatari ya magonjwa ya ngozi, na mimi nasimama na TBS. Nguo nyingine za mtumba zinauzwa kihalali. Azimio la viongozi wa Afrika Mashariki la mwaka 2016, la kuachana na mitumba ifikapo 2019, hapa kwetu halikutekelezwa.

Sasa kulipa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiambiwa ni ngozi na ikawa plastiki, una hoja. Lakini ukiikagua mwenyewe, huwezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Kwa hiyo neno la muhimu lisemwe fedha ikiwa bado mkononi: "Kaka, isiponitosha nitaibadilisha?" Mwenye meza ya kudumu mara nyingi hukubali ubadilishe kwa nguo ya bei ileile, kesho yake, ikiwa haijafuliwa wala kupelekwa kwa fundi. Kurudishiwa fedha usikutarajie. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo unabaki kuwa ushahidi. Mchuuzi anayepita na pikipiki kuelekea vijijini huna pa kumfuata, hivyo kwake kagua mara mbili.

Lipo pia suala la heshima. Mteja akipekua fungu zima akaondoka bila kurudishia nguo alizozitawanya, muuzaji ana haki ya kunung'unika. Ila kumshika mteja mkono, kumvuta au kumtolea lugha chafu kwa sababu hakununua, jambo ambalo wanawake na wasichana hulalamikia sana kwenye masoko yetu, halina udhuru. Ondoka, kisha ripoti kwa uongozi wa soko au kwa mtendaji wa mtaa. Wauzaji waungwana nao huumizwa na tabia hiyo, kwa kuwa inawakimbizia wateja.

Nyumbani, nguo ya mtumba isichanganywe na nguo zenu kabla haijafuliwa. Loweka kwenye maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, fua kwa sabuni, anika juani, kisha piga pasi ndani na nje, ukikazia mishono, maana ndiko chawa hutaga. Kupiga pasi kuna faida nyingine: yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Sweta au koti lisilostahimili maji ya moto, lifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima kabla ya kulifua. Wadudu wa upele hawadumu zaidi ya siku chache nje ya mwili wa binadamu.

Kunguni ni habari tofauti, kwa kuwa huweza kukaa miezi bila kula, na mfuko hauwatoshi. Blanketi, shuka nene na mapazia yafunue mishono yote palepale sokoni. Ukiona vidoto vyeusi vilivyokusanyika kwenye pindo, acha, hata likishuka hadi jero.